Kwa Nini Nyota wa Ligi Ndogo Hujikwaa Ligi Kuu: Miaka Mia Moja ya Besiboli ya Marekani

Mwishoni mwa mwaka 1924 klabu ya Philadelphia Athletics ilitoa dola 100,600 kumnunua mrushaji wa mkono wa kushoto kutoka Baltimore. Jina lake lilikuwa Robert Moses Grove, maarufu kama Lefty, mzaliwa wa Lonaconing, mji mdogo wa wachimba makaa ya mawe katika jimbo la Maryland. Inasimuliwa kwamba zile dola 600 za juu ziliongezwa makusudi ili bei yake ipite ile ambayo New York Yankees walimlipia Babe Ruth. Fedha hizo hazikutolewa kwa kubahatisha. Kwa misimu mitano Grove alikuwa ameichezea Baltimore Orioles, klabu ya ligi ndogo iliyomilikiwa na Jack Dunn, akashinda michezo zaidi ya 100, na katika miaka yote hiyo mitano klabu yake ilitwaa ubingwa. Lakini msimu wa 1925, wa kwanza kwake katika ligi kuu, alishinda michezo 10 akapoteza 12. Mirusho yake ilikosa shabaha hata akawapa wapigaji 131 njia ya bure, wengi kuliko mrushaji mwingine yeyote wa ligi yake. Mwaka uliofuata aliongoza ligi kwa kuruhusu mikimbio michache zaidi, na alipostaafu mwaka 1941 alikuwa ameshinda michezo 300. Katika miaka yote 17 aliyokaa ligi kuu, 1925 ndio mwaka pekee ambao hasara zake zilizidi ushindi wake.

Mkasa wa Grove umejirudia kwa karne nzima, kwa warushaji na kwa wapigaji, kwa waliokuja kuwa magwiji na kwa waliosahauliwa. Maelezo yanayotolewa mara kwa mara ni mawili: kwamba kijana aliogopa, au kwamba alisifiwa kupita uwezo wake. Yote mawili yana chembe ya ukweli, lakini hayatoshi. Ushahidi wa historia unaonyesha sababu iliyo nje ya moyo wa mchezaji. Ligi ndogo na ligi kuu ni kazi mbili zenye malengo tofauti, na mchezaji anayepanda hukutana kwa mara ya kwanza na watu ambao riziki yao yote inategemea kuugundua udhaifu wake na kuutumia. Hawezi kujifunza kuukabili udhaifu huo kabla hajaonyeshwa, na wa kumwonyesha hawapatikani kule alikotoka. Kujikwaa ni sehemu ya njia yenyewe. Kinachowatenga wanaoinuka na wanaopotea, zaidi ya kipaji, ni muda wanaopewa.

Kwa msomaji aliyezoea soka, jambo moja linahitaji kuelezwa. Katika besiboli ya Marekani klabu haipandi wala haishuki daraja. Klabu 30 za ligi kuu ni zilezile kila mwaka, na chini ya kila moja zipo klabu nne za ligi ndogo zenye mkataba nayo, kuanzia Single-A na High-A hadi Double-A na Triple-A. Anayepanda na kushuka ni mchezaji, tena peke yake, pengine katikati ya msimu. Ligi kuu ina nafasi 26 kwa kila klabu, yaani watu 780 kwa jumla, na nyuma yao wamepanga foleni maelfu.

Mambo hayakuwa hivyo tangu mwanzo. Vyama vya ligi ndogo vilipoungana mjini Chicago mwaka 1901, klabu zake zilikuwa biashara huru. Zilitaka kushinda, zijaze viwanja vyao, na zikiamua kumuuza mchezaji, zimuuze ghali. Ndiyo maana Dunn aliweza kumshikilia Grove hadi umri wa miaka 24. Aliyebadilisha utaratibu huo ni Branch Rickey, mtendaji wa St. Louis Cardinals, klabu ambayo haikuwa na fedha za kushindana mnadani na matajiri wa New York. Kuanzia mwaka 1919 Rickey alianza kununua hisa za klabu ndogo, kisha klabu nzima nzima, akasajili vijana kwa mamia kwa bei ndogo na kuwaacha wakue humo kama miche kitaluni, akichukua walioimarika na kuwauza wengine. Cardinals walitwaa ubingwa wa dunia mwaka 1926, wakarudia 1931, 1934 na 1942. Kamishna wa besiboli, Jaji Kenesaw Mountain Landis, aliuchukia mpango huo, na mwaka 1938 akawaachia huru zaidi ya vijana 70 wa Cardinals akisema wamefungiwa isivyo halali. Hakufanikiwa kuuzuia. Klabu nyingine zote ziliuiga.

Mabadiliko haya ndiyo kiini cha jambo, nami sioni kama yanapewa uzito unaostahili. Tangu klabu ndogo igeuke kuwa mahali pa kulea, ushindi wake ukawa jambo la pili. Mrushaji wa Double-A anaweza kuagizwa arushe mpira wa polepole mara kumi katika mchezo, hata ukipigwa, kwa sababu wakuu wake wanataka aujue. Huondolewa uwanjani akifikisha idadi fulani ya mirusho, awe anashinda au anashindwa. Akianza kuwalemea wapigaji, hupandishwa ngazi ya juu. Matokeo yake ni kwamba mpigaji wa ligi ndogo hukabiliana siku zote na watu wa makundi mawili: wanaojifunza bado, na wale ambao ligi kuu imekwisha kuwapima ikawarudisha. Anapopiga vizuri mbele yao, takwimu zake ni za kweli, lakini zinapima uwezo wa kuadhibu makosa ya wengine. Ligi kuu itampima kwa kitu kingine, yaani atafanya nini makosa hayo yanapokwisha.

Tofauti hiyo inaonekana hata kwenye saa. Kutoka kibao cha mrushaji hadi sahani ya mpigaji ni mita 18.44. Mpira wa kilomita 153 kwa saa huchukua takribani sehemu nne za kumi za sekunde kufika, na katika muda huo mpigaji lazima aone, aamue na azungushe gongo. Kwa hakika haoni mpira wote. Anabashiri kutokana na mkono wa mrushaji na nusu ya kwanza ya safari ya mpira. Ubashiri huo ameujenga kwa maelfu ya mirusho aliyokwisha kuiona. Akipanda ngazi, mpira wa kasi unakuja kwa kasi ya juu zaidi, unaopinda unapinda ukiwa umechelewa, na yote miwili inaanza kwa mwendo uleule wa mkono. Ghala la kumbukumbu alilokuja nalo linamdanganya. Kasi peke yake angeizoea, maana ligi ndogo zimejaa vijana wenye mikono ya kutisha. Asichokutana nacho kule ni mrushaji mwenye kasi hiyo ambaye pia anaweza kuupeleka mpira pembeni pale pale, mara kumi mfululizo, baada ya kusoma taarifa inayosema kwamba hapo ndipo mpigaji huyu hana jibu.

Mwaka 1951 ulileta mjini New York vijana wawili, wote wazaliwa wa 1931, ambao historia zao zinafaa kuwekwa pamoja. Willie Mays alikuwa Minneapolis, ngazi ya juu ya ligi ndogo, na katika michezo 35 wastani wake wa kupiga ulikuwa 0.477, ilhali mpigaji mzuri huridhika na 0.300. Giants wa New York walimwita mwezi Mei. Katika michezo yake mitatu ya kwanza, huko Philadelphia, alipiga mara 12 bila kufanikiwa hata mara moja. Kisha akampiga Warren Spahn, mmoja wa warushaji wakubwa wa zama zile, homurani, yaani mpigo unaoupeleka mpira nje ya uwanja. Baada ya hapo akanyamaza tena kwa siku kadhaa. Kocha wake, Leo Durocher, alimkuta analia chumba cha kubadilishia nguo, akiomba arudishwe Minneapolis. Durocher alikuwa mtu mkali, asiye na sifa ya upole, lakini siku hiyo alimwambia kijana kwamba yeye ndiye mlinzi wake wa katikati ya uwanja na ataendelea kuwa hivyo. Mays alimaliza msimu na wastani wa 0.274, homurani 20, na tuzo ya mchezaji mpya bora.

Ng'ambo ya mto, Yankees walikuwa na Mickey Mantle. Mwaka 1950 alikuwa Joplin, jimbo la Missouri, katika daraja la C, chini kabisa ukilinganisha na alikopelekwa, na huko alipiga 0.383. Aliruka madaraja yote akaanza msimu wa 1951 ligi kuu, akiwa na miaka 19, huku magazeti yakimtangaza kuwa mrithi wa nyota wao Joe DiMaggio. Warushaji walihitaji wiki chache tu kugundua kwamba hawezi kuuacha mpira wa kasi unaopita juu. Mwezi Julai akashushwa Kansas City, na huko nako akaendelea kukosa. Alimpigia simu baba yake, Mutt, mchimba madini wa Oklahoma, akitarajia kufarijiwa. Mutt aliendesha gari hadi Kansas City, akaingia chumbani na kuanza kukusanya nguo za mwanawe, akimwambia kwamba kama hawezi, basi warudi nyumbani akafanye kazi mgodini. Mantle alibaki. Katika michezo 40 huko alipiga 0.361 na homurani 11, na kabla ya Agosti kwisha alikuwa amerudi New York.

Watu wengi husimulia visa hivi viwili kama mafunzo ya ujasiri: mmoja alibembelezwa, mwingine alikaripiwa, wote wakapona. Mimi naona jambo jingine. Mays aliachwa ligi kuu aendelee kukosa mbele ya warushaji walewale hadi akawajua. Mantle aliondolewa akapewa wiki sita za kurekebisha kosa ambalo sasa alilifahamu, kosa ambalo Joplin haikuwa na mtu wa kumfunulia. Njia zilikuwa mbili, lakini katika zote mbili klabu ilikubali kwamba wiki za mwanzo zilikuwa somo, na haikuzifanya kuwa hukumu.

Hapa ndipo anayeamini kwamba tatizo ni hofu atakapoinuka kujibu: Mays alilia, Mantle alikata tamaa, je hiyo si hofu? Ilikuwa huzuni iliyofuata kushindwa. Haikuwa chanzo chake. Tena ipo kesi moja inayopima nadharia ya hofu vizuri kuliko zote. Jackie Robinson alicheza Montreal mwaka 1946 akaongoza ligi yake kwa wastani wa 0.349. Aprili 1947 akaingia Brooklyn Dodgers, mtu mweusi wa kwanza katika ligi kuu kwa zaidi ya miaka 60. Alitukanwa hadharani na timu ya Philadelphia, kocha wa timu hiyo, Ben Chapman, akiwa mbele, na alipokea barua za kutishiwa kuuawa. Kabla ya mwezi huo kwisha alianguka katika kipindi cha kupiga mara 20 bila kufanikiwa. Kama mzigo wa moyo ndio unaoamua, Robinson asingeinuka, kwa kuwa matusi hayakupungua kiangazi kile. Lakini aliinuka, akamaliza na wastani wa 0.297, akaongoza ligi kwa kuiba vituo, akapata tuzo ya mchezaji mpya bora mwaka ilipotolewa kwa mara ya kwanza. Kilichobadilika kati ya Aprili na Septemba ni kwamba sasa alikuwa amewaona warushaji wote wa ligi hiyo, tena na tena.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, nalo ni la hesabu. Mwaka 1985 mwandishi Bill James, aliyeanzisha namna mpya ya kuichambua besiboli kwa takwimu, alionyesha kwamba takwimu za ligi ndogo zikirekebishwa kwa kuzingatia ubora wa ligi na umbo la viwanja, hubashiri matokeo ya mchezaji karibu sawa na zinavyobashiri takwimu zake za ligi kuu yenyewe. Ikiwa ni hivyo, basi hakuna fumbo: nyota hakujikwaa, ni sisi tuliosoma namba zake bila kuzipunguza. Steve Bilko ni mfano mzuri wa hoja hiyo. Akiichezea Los Angeles Angels ya ligi ndogo ya Pwani ya Pasifiki, alipiga homurani 55 mwaka 1956 na 56 mwaka 1957, katika uwanja uliokuwa na kuta za karibu. Katika misimu yake yote kumi ya ligi kuu alifikisha homurani 76 tu. Hata leo baadhi ya viwanja vya Triple-A, kama kile cha Albuquerque kilichopo mita zipatazo 1,600 juu ya usawa wa bahari, huufanya mpira uruke mbali kwa sababu hewa ni nyepesi.

Naikubali hesabu ya James, wala sioni kwamba inapinga ninachosema. Hesabu yake inahusu msimu mzima na wachezaji wengi kwa pamoja. Inaweza kukuambia kwamba kijana aliyepiga 0.330 chini atapiga karibu 0.270 juu akishatulia. Haielezi kwa nini wiki zake sita za kwanza zitakuwa 0.150, wala haiwezi kukuambia ni yupi katika kundi atakayeachwa acheze hadi afikie kile kilichobashiriwa. Aliyeondolewa baada ya michezo 30 hakuipa hesabu hiyo nafasi ya kuthibitika. Mtaalamu wa takwimu ataongeza kwamba mipigo 80 ni michache mno, kwamba bahati tu inatosha kuleta matokeo mabaya. Ni kweli, na hiyo ni sababu nyingine ya kutomhukumu mtu kwa mipigo 80. Lakini mpigaji anayetolewa kwa kukosa mara nusu ya zamu zake hajakutwa na bahati mbaya, amepatikana.

Wapo pia waliokuja wakafanikiwa bila kutikisika, na hao ni pingamizi la haki. DiMaggio aliingia Yankees mwaka 1936 akapiga 0.323. Ted Williams alifanya 0.327 na Boston mwaka 1939. Lakini DiMaggio alikuwa amekwisha kumaliza misimu mitatu San Francisco, katika ileile ligi ya Pwani ya Pasifiki, iliyocheza michezo mingi kuliko ligi kuu na iliyowalipa wakongwe vizuri kiasi cha kuwafanya wakae. Warushaji aliokabiliana nao huko walikuwa watu wazima waliojua kazi, waliotaka kushinda leo. Ligi hiyo ilipoteza nguvu Dodgers na Giants walipohamia Los Angeles na San Francisco mwaka 1958, na televisheni ilikuwa imekwisha kuziua ligi ndogo nyingi kabla ya hapo. Zilikuwa 59 mwaka 1949. Kuhusu Albert Pujols, aliyecheza karibu msimu wake wote wa 2000 katika daraja la A kisha mwaka 2001 akapiga 0.329 na homurani 37 ligi kuu, sina maelezo ya mfumo wowote. Vipaji vya namna hiyo hutokea, na ni makosa kujenga kanuni juu yao, kama klabu nyingi zinavyojaribu kufanya kila zinapomharakisha kijana wa miaka 20.

Mfano wa kinyume ni Sandy Koufax, ambaye hakupita ligi ndogo kabisa. Alisajiliwa na Brooklyn Dodgers kwa malipo makubwa, na kanuni ya wakati huo iliilazimu klabu imweke kikosi cha kwanza kwa misimu miwili. Ili apate nafasi mwaka 1955, mrushaji aliyeshushwa Montreal alikuwa Tom Lasorda, ambaye baadaye aliifundisha klabu hiyohiyo kwa miaka 20. Koufax alikaa benchi, akirusha mara chache na bila mpangilio, na hadi mwisho wa 1960 alikuwa ameshinda michezo 36 na kupoteza 40. Kisha ikaja miaka yake ya ajabu, mitano kati yake akiongoza ligi mfululizo kwa kuruhusu mikimbio michache zaidi. Kisa chake kinaonyesha kwamba kuziruka ligi ndogo hakumwokoi mtu na kipindi cha kujikwaa. Kunakihamisha tu, na pengine kukirefusha. Mike Schmidt, kwa upande wake, alipita njia ya kawaida: homurani 26 huko Eugene mwaka 1972, kisha mwaka 1973 Phillies wakamwacha acheze michezo 132 huku wastani wake ukiwa 0.196. Mwaka uliofuata aliongoza ligi kwa homurani 36. Nashindwa kuifikiria klabu ya leo ikivumilia 0.196 kwa michezo 132.

Kisa kinachonigusa kuliko vyote ni cha Roy Halladay wa Toronto. Katika mchezo wa pili tu aliouanza, Septemba 1998, alibakiza mpigaji mmoja amalize bila kuruhusu mpigo hata mmoja. Mwaka 2000 wapigaji walikuwa wamemsoma. Mpira wake ulikuwa wa kasi lakini ulinyooka, na mkono wake uliutoa juu kabisa ambapo kila mtu aliuona. Aliruhusu wastani wa mikimbio 10.64 kwa kila awamu tisa, na hakuna mrushaji mwingine aliyefikisha awamu 50 katika msimu mmoja aliyewahi kufanya vibaya kuliko hivyo. Toronto hawakumwacha, wala hawakumshusha ngazi moja tu. Mwaka 2001 walimpeleka Dunedin, daraja la A, miongoni mwa vijana wanaoanza, na hapo mwalimu Mel Queen akambadilisha mkono utoke pembeni zaidi ili mpira uchezecheze. Mke wake alimnunulia kitabu cha mwanasaikolojia Harvey Dorfman kuhusu akili ya mchezaji, na Halladay mwenyewe alikishukuru maisha yake yote. Kwa hiyo sisemi kwamba moyo hauhusiki. Nasema kwamba ulitibiwa pamoja na mkono, katika mahali palipotulia, na klabu iliyokuwa tayari kusubiri. Alirudi Julai mwaka huohuo, na alipata tuzo ya mrushaji bora mwaka 2003 na tena 2010.

Tangu hapo njia imezidi kuwa nyembamba. Kamera zinazopima kila mrusho zilienea viwanja vya ligi kuu kufikia mwaka 2008, na mfumo wa Statcast ukaongezwa 2015. Wastani wa kasi ya mpira wa kasi ulipanda kutoka takribani kilomita 148 kwa saa hadi zaidi ya 151 katika miaka 15. Zamani mpigaji mpya alikuwa na mzunguko mmoja wa ligi kabla habari zake hazijaenea. Sasa ramani ya udhaifu wake iko mezani kwa wapinzani siku anayoshuka uwanjani. Aaron Judge alipiga homurani katika zamu yake ya kwanza kabisa, Agosti 2016, kisha akamaliza mwaka na wastani wa 0.179, ametolewa kwa kukosa mara 42 katika mipigo 84. Jarred Kelenic wa Seattle alipita mipigo 39 bila kitu mwaka 2021. Jackson Holliday, chaguo la kwanza katika uteuzi wa vijana wa nchi nzima mwaka 2022, aliitwa na Baltimore ya ligi kuu Aprili 2024, akapiga mara 34 akapata mbili tu, na baada ya michezo kumi akarudishwa Norfolk. Wakati huohuo ngazi za chini zimepunguzwa: klabu zenye mkataba na ligi kuu zilikuwa 160, na tangu 2021 ni 120.

Judge alipewa mwaka mzima uliofuata, akapiga homurani 52. Brandon Wood wa Angels ya ligi kuu, aliyepiga homurani 43 katika ligi ndogo mwaka 2005, alipandishwa na kushushwa mara kwa mara kati ya 2007 na 2009, kila safari akipata wiki chache. Mwaka 2010 hatimaye akapewa nafasi ya kudumu, akapiga 0.146. Anayetaka kunipinga ana haki ya kumtaja, maana muda ulikuja ukamkuta hana jibu. Lakini ulikuja baada ya miaka mitatu ya kujua kwamba kosa la leo ni basi la kesho la kurudi chini. Mtu anayecheza ili asishushwe hawezi kujaribu mbinu mpya, kwa sababu mbinu mpya huanza kwa kushindwa. Na kushushwa kuna bei yake: mwaka 2023, hata baada ya mkataba wa kwanza wa pamoja wa wachezaji wa ligi ndogo, kima cha chini cha mshahara wa Triple-A kilipanda kutoka dola 17,500 hadi 35,800 kwa mwaka, ilhali kima cha chini cha ligi kuu kilikuwa dola 720,000. Kumtaka kijana ajifunze kwa utulivu akiwa amesimama kwenye ukingo huo ni kumtaka kitu kigumu sana.

Bara letu nalo limekwisha kuonja jambo hili. Gift Ngoepe wa Afrika Kusini, aliyekulia katika jengo la klabu ya besiboli ya Randburg alikofanya kazi mama yake, alisajiliwa na Pittsburgh Pirates mwaka 2008. Ilimchukua karibu miaka tisa ya ligi ndogo kufika. Tarehe 26 Aprili 2017 akawa Mwafrika wa kwanza mzaliwa wa bara hili kucheza ligi kuu, na zamu yake ya kwanza alimpiga mrushaji Jon Lester akafika kituo. Alipewa michezo 28 mwaka huo, akamaliza na wastani wa 0.222, na mwaka uliofuata akapata michezo 13 Toronto. Jumla ni michezo 41, baada ya miaka tisa ya kuandaliwa. Hakuna anayeweza kusema kwa haki kama Ngoepe angeweza au asingeweza, na hilo ndilo ninaloliona kuwa dhuluma ndani yake.

Watoto wa Lugazi, Uganda, walikuwa timu ya kwanza ya Afrika kucheza mashindano ya dunia ya besiboli ya watoto huko Williamsport mwaka 2012, na mwaka 2022 Los Angeles Dodgers walisajili vijana wawili wa Uganda. Mmoja wa Afrika Mashariki atafika siku moja. Atakapofika, msomaji, uwezekano mkubwa ni kwamba mwezi wake wa kwanza utakuwa mbaya. Usimhesabie mwezi huo. Uliza klabu yake imempa misimu mingapi.